Siku Ardis Kvamme Alipoomba

Ardis Kvamme huendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili hushika kikombe cha kahawa nyepesi, ya aina ambayo mtu wa Cairo angenawia mikono tu. Basi lake ni la kaunti: dogo, jeupe, lenye lifti nyuma ya kupandishia viti vya magurudumu. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huwazungukia watu wa figo mashambani, huku magharibi ya jimbo la Minnesota, Marekani, akawapeleka mji wa jirani kwenye mashine za kusafisha damu, akawasubiri, akawarudisha makwao. Siku nyingine huwapeleka wazee dukani, kwa kinyozi na kwa daktari wa meno.

Nilianza kupanda basi lake majira ya baridi niliyokatazwa kuendesha gari baada ya kupasuliwa jicho. Nimepanda vyombo vingi katika nchi nyingi, lakini sikuwahi kumpata dereva anayekuuliza kama paka wako amepona.

Siku ya kwanza nilimwona akiinua kidole kimoja juu ya usukani kila tulipopita nyumba.

"Unampungia nani, Ardis? Baridi hii, nje hamna mtu."

"Nashukuru tu. Wale wa ghala jekundu kodi yao ndiyo imenunua gurudumu la nyuma. Pale kwenye msonobari wametutilia dizeli ya wiki. Na hapa," akaonyesha nyumba iliyofungwa mapazia, "hapa kwa Lowell Stenerud. Lowell hulalamika kila mwaka kwamba kodi ya ardhi imepanda, lakini hulipa. Huyu nampungia vidole viwili."

Sauti nzito ikatoka nyuma. "Na mimi je? Nalipa kodi tangu wewe hujaota meno."

"Wewe, Einar, umenunua hiyo breki inayolia."

"Basi nirudishie hela yangu."

Huyo alikuwa Einar Dahlen. Aliwahi kufuga ng'ombe wa maziwa, mke wake amekufa, binti yake anaishi Arizona. Kisukari kilimla mguu mmoja, kikaharibu na figo. Alikaa peke yake katika nyumba aliyozaliwa, na shamba lake analikodisha kwa kijana wa jirani. Asubuhi Ardis alimpandisha kwa lifti, akamfunga kiti chake sakafuni kwa mikanda, na safari nzima wakataniana. Einar alikuwa anaweza kuishi shambani kwa sababu basi lilikuwa linamfikia shambani. Jambo lilikuwa rahisi hivyo. Basi likikoma, ingebidi ahamie nyumba ya wazee karibu na hospitali, achungulie maegesho ya magari mpaka mwisho wa siku zake.

Ardis mwenyewe ni mjane. Mume wake Orrin alianguka ghafla mwezi wa tisa mwaka mmoja, mahindi yakiwa bado yamesimama. Ardis hakumwambia mtu neno. Wiki baada ya maziko alisikia ngurumo barabarani, akatoka: majirani walikuwa wamekuja na mashine zao za kuvuna, mmoja nyuma ya mwingine, na wake zao nyuma yao na mabakuli ya viazi na nyama ya kuokwa. Mpaka jioni ghala lilikuwa limejaa. Hakuna aliyeombwa. Huku mtu haombi. Watu huona, na wakiona hufanya, na ukiwashukuru sana wanaona haya, wanaanza kuzungumza habari za mvua. Aliponisimulia alifuta macho kwa mgongo wa glavu, kisha akasema kahawa imempandia puani.

Mwaka huo wa jicho langu, lifti ya basi ilianza kufa. Ilipanda nusu ikasimama, Einar akaning'inia hewani kama ng'ombe anayepakiwa melini. Fundi wa kaunti aliichokonoa, ikapanda. Kesho yake ikagoma tena. Fundi akasema haitamaliza baridi, na basi lenyewe limeoza chini kwa chumvi inayomwagwa barabarani.

Ardis alinieleza mambo ya gharama siku tuliyokuwa tukiwasubiri wagonjwa wake nje ya hospitali.

"Basi hili ni kama chakula cha kanisani," alisema. "Kila mtu anakuja na bakuli lake. Jimbo linaleta bakuli kubwa, kaunti inaleta dogo. Lakini jimbo halifunui lake mpaka lione la kaunti liko mezani."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu kaunti imekuja mikono mitupu. Mvua ya mawe imepiga soya. Theluji imeanza mapema, magari ya kuizoa yamekula fedha za barabara. Kodi ya ardhi Delmar hawezi kuipandisha, watu watamchuna ngozi."

Delmar Hauge ndiye mwenyekiti wa baraza la kaunti, mfuga nguruwe, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Baraza lake lilikuwa limekwisha kutangaza: basi jipya lisipopatikana, kuanzia mwaka mpya safari za mashambani zitakoma, na hilo kuukuu litazunguka mjini tu. Delmar alilitangaza huku akitazama viatu vyake. Mama yake mwenyewe alipanda basi hilo mpaka wiki aliyokufa.

Mwezi wa kumi na moja, idara ya usafiri ya jimbo ikamtuma mtu kuja kusikiliza. Ardis akaoka sinia la keki ya shayiri na tende, akalikata vipande, akatupakia mimi na Einar na abiria wengine wachache, tukaenda kukaa viti vya nyuma vya ukumbi wa baraza. Lowell Stenerud naye alikuwepo, mikono kifuani, kama anavyokuwepo kila mkutano wenye neno kodi.

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, Rosanne Tedesco, aliyekulia New Jersey na kuhamia jimboni majira yale ya kiangazi. Alisema kwao watu wakipendana hupigiana kelele. Watu walitabasamu kwa adabu, wakatazama madirisha.

Delmar alisoma taarifa: abiria ni hawa, safari ni hizi, basi ni bovu. Hakusema "tusaidieni." Taarifa iliishia kwenye hali ya hewa.

Rosanne akainama mbele. "Nina habari njema. Kuna kaunti imerudisha fungu lake, naweza kuwahamishia ninyi. Jimbo litabeba na sehemu yenu ya kununua basi. Yote. Ninyi mtabaki na dizeli, matengenezo na mshahara wa dereva. Lakini lazima mkubali leo, hapa, mbele ya watu, iandikwe. Kesho nalipeleka kwa wengine. Mnalitaka?"

Nilimwona Ardis akishika ukingo wa kiti. Einar alivua kofia, akaiweka gotini.

Delmar akakuna shavu. "Ah, hapana, mama. Hatupendi kuwasumbua. Bila shaka wapo wenye shida kutuliko. Tutajibana tu."

Msomaji wa pwani asishangae. Kwetu ukimkuta mtu anakula akakukaribisha, unajibu "starehe," hata kama njaa inakukata; yeye akushike mkono, akuvute, ndipo unanawa. Huku nako ni hivyo hivyo, ila kwao kuna hesabu. Unakataa mara ya kwanza kwa sababu wewe si mroho. Unakataa mara ya pili ili aliyekupa apate nafasi ya kujirudi. Ya tatu unapokea, tena kwa kunung'unika kidogo. Delmar hakuwa amekataa basi. Delmar alikuwa ndiyo kwanza anaanza kulipokea.

"Sawa," akasema Rosanne. "Nashukuru kwa kusema wazi. Kwingine hunizungusha siku nzima." Akafunga kompyuta yake, akawapa mikono mmoja mmoja, akavaa koti, akatoka.

Bomba la joto liligonga ukutani.

"Ameenda?" Delmar akauliza.

"Ameenda," akasema LaVonne, karani wa baraza.

"Lakini hajauliza tena."

"Hajauliza."

"Labda kaenda msalani."

"Kavaa koti, Delmar."

Mjumbe mmoja, Wendell, akasema taratibu, "Mfuate basi."

"Nimfuate nimwambie nini? Kwamba nimebadili mawazo hata kahawa haijapoa? Atasema hawa watu wana tamaa."

"Kwani huna?"

"Ninayo! Ndiyo maana siwezi kwenda."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Einar. Hakumlaumu mtu. Alichukua kofia yake gotini, akaivaa, akaivuta mpaka kwenye nyusi, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Ardis aliiona kofia ile. Akasimama, akachukua sinia lake la keki, akaniambia, "Nishikie mlango."

Nje upepo ulikuwa unachoma masikio. Rosanne alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki.

"Chukua kipande," akasema Ardis, akamsogezea sinia.

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Asante sana, mama, hapana."

"Hata cha njiani?"

"Mama, nina kisukari!"

Ardis akalivuta sinia kifuani kwake. Akasimama pale theluji ikimwangukia nyweleni, akimtazama yule mwanamke kama aliyemwona sasa hivi.

"Kwa hiyo wewe ukikataa mara moja, basi inatosha."

"Kwani haitoshi?"

"Huku haitoshi."

Ardis alikuwa na miaka sitini na mitatu, alikuwa amezika mume, ameuza ng'ombe wake wote, ameendesha malori ya kokoto kwenye barafu, na sijui kama kuna kitu kilichowahi kumtia hofu kama maneno yaliyokuwa yanafuata.

"Tunalitaka basi," akasema. "Delmar analitaka. Wote wanalitaka. Ile ilikuwa adabu tu. Nakuomba." Uso ukamwiva mpaka masikioni, akaanza upya. "Mimi sijawahi kumwomba mtu hata chumvi. Nakuomba urudi ndani umwulize tena."

Rosanne akashusha ile kadi. "Kama mnalitaka, kwa nini hakusema?"

"Huku hatusemi. Jirani akiwa na shida unaiona kwa macho, unakwenda. Lakini ninyi mko mbali, kutwa nzima njiani kuja na kurudi. Hamwezi kutuona. Ni kosa letu, tunakaa kimya tukidhani mnachungulia dirishani."

"Jamani." Rosanne alitazama jengo, akatazama gari lake, akatazama sinia. "Nimwulize mara ngapi?"

"Umekwisha uliza moja. Zimebaki mbili."

"Na ya pili?"

"Atakataa."

"Atakataa tena?"

"Kidogo. Usimjali. Ya tatu atapokea."

"Na nikichoka kwenye ya pili?"

"Einar atahama kwake."

"Einar nani?"

"Yule wa kofia."

Nadhani Rosanne alikuwa ameiona ile kofia alipokuwa akizungumza, maana hakuuliza zaidi. Alitia kadi mfukoni. "Huko kwetu," akasema, "watu wangekuwa wamekwisha kunishika koti." Akatangulia mlangoni.

Ndani hakuna aliyekuwa ametoka kwenye kiti. Delmar alinyanyuka nusu alipomwona, akakaa. Rosanne hakuvua koti.

"Bwana Mwenyekiti, nimefikiri upya. Lile basi bado lipo. Mnalitaka?"

Uso wa Delmar uling'aa kama wa mtoto. Ndipo malezi ya nyumbani kwao yakamshika koo. "Ni ukarimu mkubwa sana, mama, lakini mzigo wote ule kuubeba jimbo..."

Ardis akakohoa. Chini ya meza nilisikia kiatu cha Wendell kikigonga mfupa wa mtu.

"Nauliza mara ya tatu," akasema Rosanne, "na nimeambiwa hii ndiyo ya mwisho. Mnalitaka basi?"

"Basi, kama haikusumbui sana..."

"Hainisumbui."

"Na kama hakuna mwingine anayelihitaji..."

"Delmar!" LaVonne alipiga kelele ambayo New Jersey wangeitambua.

"Ndiyo," akasema Delmar. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Tunalitaka. Tunashukuru sana."

Ikabaki sehemu ya kaunti: dizeli, matengenezo, mshahara. Delmar aliuliza kama kuna mwananchi mwenye neno kabla ya kupiga kura, na wote tukageuka kumtazama Lowell Stenerud, ambaye alikuwa amekwisha kusimama. Lowell alivuta suruali juu.

"Mnajua ninavyosema juu ya kodi," akaanza.

"Tunajua, Lowell," akasema Wendell.

"Sijabadilika. Lakini wao wakinunua gari, sisi hatuwezi kushindwa kulilisha. Lipeni hiyo dizeli. Na mshahara wa Ardis mlipe wote, asije akalazimika kuomba tena. Mtazameni alivyoloa jasho."

Mikono yote ya wajumbe ikapanda juu. Watu wakainuka, wakaanza kuzungumza habari za theluji kwa sauti kubwa kupita kiasi. Ardis alikuwa bado amekumbatia sinia, hajui alipeleke wapi. Einar akalichukua kutoka mikononi mwake, akala vipande viwili mfululizo ambavyo daktari wake asingeviruhusu hata kimoja.

Basi jipya halikuja kesho yake. Mambo ya serikali hutembea kwa miguu. Baridi ile tuliivuka kwa viraka. Delmar alileta winchi ya trela lake la nguruwe, fundi akaifunga kwenye lifti kuukuu, na asubuhi ambazo hata hiyo iligoma walikuja wanaume wawili wa kanisani wakambeba Einar na kiti chake, yeye akiwafokea wasimwangushe kama walivyoangusha jeneza la mjomba wake. Niliendelea kupanda hata baada ya jicho kupona. Nimekaa katika miji ambayo treni hufika kila baada ya dakika mbili na hakuna mtu anayemshukuru yeyote. Kwenye basi lile kuukuu, lenye harufu ya dizeli, kahawa na nguruwe kwa mbali, nilianza kuelewa kwamba kodi nayo ni namna ya kwenda na mashine yako shambani kwa jirani, ila unakwenda bila kumwona, na yeye hakuoni.

Lilifika mwezi wa tano. Jeupe pia, lifti yake ikipanda bila sauti. Einar alisema kimya kile kinamtia wasiwasi. Siku ile ya kwanza, tulipokuwa tunarudi, uso wake ulikuwa wa kijivu kama unavyokuwa kila mara akitoka kwenye mashine, na mikono yake ilikuwa baridi. Tulipofika pembeni ya shamba lake alisema, "Simama kidogo."

"Tutachelewa," akasema Marlys, mama mmoja aliyekaa mbele.

"Tutachelewa wapi, Marlys? Makaburini? Watakungoja."

Ardis alisimamisha basi, akashusha kioo. Kijana aliyelikodi shamba alikuwa anapanda mahindi, trekta likienda na vumbi jeusi nyuma yake, na shakwe wakishuka kwenye udongo uliopinduliwa. Harufu ya udongo mbichi iliingia ndani. Einar alitazama muda mrefu. Marlys naye akatazama, akasahau kulalamika.

"Mistari imenyooka," akasema Einar hatimaye.

"Imenyooka," akasema Ardis.

"Si mbaya." Huku, hakuna sifa inayopita hiyo.

Akampeleka mpaka mlangoni kwake, akamshusha. Nilishuka kusaidia kufungua mlango. Taa ya jikoni, aliyoisahau alfajiri, ilikuwa bado inawaka mchana ule wote.

"Ona," akasema Einar. "Kutwa nzima. Nani atalipa hiyo, jimbo au kaunti?"

"Hiyo wewe," akasema Ardis. "Hiyo ni yako peke yako."

Einar alicheka mpaka akakohoa, akasukuma magurudumu yake, akaingia nyumbani kwake.